JUMBA LA KIOO NA KICHUGUU CHA MCHWA



Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya majumba ya ofisi yanayojengwa mijini siku hizi. Najua wapo watakaosema kwamba mwanafunzi wa Kidato cha Nne hana la kuwafundisha wajenzi. Sina nia ya kumfundisha mtu. Nataka kusema niliyoyaona.

Likizo ya Desemba nilikwenda Dar es Salaam kwa mjomba wangu. Siku moja alinichukua ofisini kwake, ghorofa ya saba ya jumba jipya lenye kuta za kioo toka chini hata juu. Kwa nje jumba lile lang'aa kama sahani mpya, nami nilijivuna kuingia. Saa nane mchana umeme ukakatika, viyoyozi vikanyamaza. Madirisha hayafunguki, maana hayakutengenezwa yafunguliwe. Jua la magharibi lilipoanza kupiga kioo, chumba kikawa tanuri. Makarani walitoka wakaketi ngazini, wakijipepea kwa majalada. "Haya ndiyo maendeleo, mjomba," akaniambia huku akivua tai. Kazi ya mchana mzima ilipotea. Huko chini mlinzi alikuwa ameketi kivulini pa mwembe, akipunga upepo wa bahari bila ya kulipa senti moja.

Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa Jiografia kama hapana njia nyingine ya kujenga. Ndipo alipotueleza habari za jumba la Eastgate, mjini Harare, Zimbabwe.

Jumba hilo la ofisi na maduka lilifunguliwa mwaka 1996. Aliyelichora ni Mick Pearce, msanifu wa Zimbabwe, naye alipata wazo lake kwa kutazama vichuguu vya mchwa. Halina viyoyozi vya kawaida. Ni majengo mawili ya ghorofa tisa yaliyosimama sambamba, na katikati yao pana ua mrefu ulioezekwa kwa kioo. Usiku, hewa inapopoa, feni kubwa huivuta na kuipitisha katika mianya iliyo chini ya sakafu za zege, na zege hupoa. Mchana hewa hupita penye zege hiyo ya baridi kabla ya kuwafikia watu. Ile iliyokwisha kupata joto hupanda, ikatokea katika mabomba yaliyo juu ya paa. Madirisha si makubwa, tena yamekingwa jua kwa zege iliyotokeza nje. Kwa hiyo jumba hilo hutumia umeme kidogo kuliko majumba ya kadiri yake yenye viyoyozi. Baadaye wataalamu walivichunguza vichuguu, wakaona kwamba havipitishi hewa sawasawa na ilivyodhaniwa. Hata hivyo, jumba lenyewe lafanya kazi.

Katika mdahalo wetu wa muhula huu mwenzangu mmoja alisimama akasema, "Basi na tujenge Eastgate yetu Dar es Salaam!" Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga. Harare iko juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake una ubaridi. Dar es Salaam iko pwani, na usiku wa Januari hata shuka hulitaki. Zege yetu itapozwa na nini? Kuliiga jumba lile bila ya kufikiri ni kosa lile lile la kuiga kuta za kioo za nchi za baridi, ambako jua la dirishani ni neema.

Yafaa tuige namna alivyofikiri, yaani kuanza na hali ya hewa ya mahali. Sisi tuna kaskazi na kusi. Jumba la ofisi la pwani na lielekeze pande zake ndefu kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni likutane na pande zile nyembamba. Madirisha yafunguke, tena yatazamane, upepo upite. Pawe na baraza na kivuli. Wazee wetu waliyajua hayo bila ya kusoma Fizikia.

Labda msomaji atauliza, haya yatuhusu nini sisi wa bweni? Yatuhusu sana. Wazazi wamekwisha kuombwa michango ya jengo jipya la madarasa, na mchoro wake umebandikwa ubaoni. Nimeutazama mara tatu. Paa ni la bati, chini, bila ya dari, na madirisha yote makubwa yaelekea magharibi. Wanaosoma masomo ya mchana watalijua tanuri la mjomba wangu.

Mimi sitasoma humo, maana nitakuwa nimekwisha kuondoka. Lakini mdogo wangu yuko Kidato cha Kwanza. Kwa heshima zote namwomba Mkuu wa Shule na Bodi waligeuze jengo hilo robo ya mzunguko kabla msingi haujachimbwa. Leo kugeuza kwahitaji kifutio na penseli tu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne