Kilomita Moja na Nusu za Maji



Tangu picha ile ianze kuzunguka katika simu za watu mwezi wa Julai, nimeulizwa swali moja msikitini, dukani na hata matangani: "Mwalimu, ni kweli ulikuwa wewe?" Naam, nilikuwa mimi. Mwanamke yule aliyevaa vazi jeusi la mpira kutoka shingoni hadi vifundoni, kofia ya rangi ya chungwa kichwani, akitoka ziwani huku akiyumba kama kuku aliyenyeshewa, ndiye huyu huyu anayekuandikieni safu hii kila mwezi. Wapo waliocheka, na ni haki yao. Wapo waliosema kwamba mtu mzima wa miaka sitini na tatu atulie na tasbihi yake. Kwa hao, na kwa akina mama wachache walioniuliza kwa dhati namna ya kuanza, naandika haya.

Mashindano yenyewe huitwa triathloni, yaani michezo mitatu inayofuatana bila ya mapumziko: kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia. Saa haisimami hata unapobadilisha viatu. Yapo marefu na mafupi. Niliyoyaingia mimi ni ya masafa ya Olimpiki, mita 1,500 majini, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za miguu. Mchezo huu ulizaliwa San Diego, Marekani, mwezi wa Septemba 1974, ukaingizwa katika Olimpiki huko Sydney mwaka 2000. Sisi tulioko Uingereza wengi wetu tuliuona mwaka 2012 pale Hyde Park, Alistair Brownlee alipomaliza kwa saa 1, dakika 46 na sekunde 25. Mdogo wake, Jonathan, alipata medali ya shaba ingawa aliadhibiwa sekunde 15 kwa kosa la kuipanda baiskeli mapema, kabla ya mahali panaporuhusiwa. Kosa hilo nililikumbuka baadaye, kama mtakavyoona.

Lakini mimi sikuvutwa na medali za watu. Nilivutwa na barua.

Mwaka 1995 binti yangu alikuwa na miaka tisa, na shule yake ikawa inalipeleka darasa bwawani, wavulana na wasichana pamoja. Nikakaa mezani nikaandika kwa hati nzuri kwamba mwanangu hatahudhuria, kwa sababu za dini. Barua ilikubaliwa, naye akawa anakaa maktaba kila Jumanne. Sikuuliza kama ipo siku ya wasichana peke yao. Sikuuliza kama anaweza kuvaa vazi la kumsitiri. Wala sikumtafutia pengine pa kujifunza. Niliandika barua, nikaona nimemaliza wajibu, ilhali mimi mwenyewe ni mwalimu.

Vuli iliyopita binti huyo, ambaye sasa ni mama, alinileta barua yake nimsahihishie Kiingereza. Ilikuwa ya mjukuu wangu wa miaka tisa, na maneno yake yalikaribia kuwa yale yale yangu. Nikamwambia ni vyema tuzungumze kwanza. Akanijibu kwa adabu, lakini akanijibu: "Mama, mimi hukunipeleka. Na wewe mwenyewe huwezi kuogelea."

Alisema kweli. Nimezaliwa Unguja, hatua chache kutoka baharini. Kaka zangu walikuwa wakijitupa majini pale Forodhani jioni nzima, nasi wasichana tukiwashikia viatu vyao. Na usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ilipozama meli ya Spice Islander I ikielekea Pemba, wengi wenu mnakumbuka simu za asubuhi ile. Kwetu tulimpoteza mtoto wa dada yangu. Sisemi kwamba kuogelea kungemwokoa. Ulikuwa usiku, mkondo wa Nungwi ni mkali, meli ilipakia watu kupita kiasi, na qadari ya Mwenyezi Mungu iko juu ya yote. Nasema tu kwamba hakuwahi kufundishwa, na kwamba katika ukoo wetu hakuwapo hata mwanamke mmoja aliyefundishwa.

Novemba nikaanza, katika kipindi cha wanawake peke yao cha Jumapili jioni, madirisha yamefunikwa na mwokoaji mwenyewe mwanamke. Mkufunzi wangu alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili. Mimi niliyesimama mbele ya madarasa kwa miaka thelathini na minne nilishika ukingo wa bwawa kwa mikono miwili, huku yeye akinisihi nitie uso majini na kupuliza. Nilikuwa nikidhani kuogelea ni mikono na miguu. Kumbe kwanza ni pumzi. Hewa hutolewa uso ukiwa majini, ili unapogeuza kichwa pawe na nafasi ya kuvuta nyingine, na mtu anayeizuia huchoka kabla ya kufika popote. Ilinichukua wiki tano kuvuka mita 25 za bwawa lile bila ya kusimama. Mita 1,500 ni kuvuka mara 60.

Mtauliza, kama haja ilikuwa kuogelea tu, baiskeli na mbio zilitoka wapi? Aliyenitia humo ni mjukuu wangu. Alikuwa amekuja kunitazama, akaona tangazo la mashindano ukutani, akanong'ona: "Bibi, ukiweza hii, Mama atakubali." Nikacheka. Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nikajiandikisha.

Kwa wanaofikiria kunifuata, nendeni kwanza kwa daktari. Mimi nina shinikizo la damu, nikapimwa moyo kabla ya kuruhusiwa. Vifo katika mashindano haya ni vichache, lakini vingi kati ya hivyo hutokea majini, na mara nyingi moyo ndio chanzo. Mchezo pia una gharama. Baiskeli niliyotumia ni ya mwanangu aliyoitupa bandani, na vazi la mpira nililikodi. Na si lazima kuanza na masafa haya, kwani yapo mafupi ya nusu yake, mita 750, kilomita 20 na kilomita 5. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani niliacha bwawa kwa mwezi mzima, maana mwanafunzi wa kuogelea humeza maji apende asipende, nikabaki na kutembea kabla ya futari. Nilidhani nitasahau yote. Baada ya Idi nilijitia majini na mwili ukakumbuka.

Sasa nizungumze juu ya mavazi, kwani najua ndilo swali lililo nyuma ya maswali mengine yote. Bwawani huvaa vazi la kuogelea la kusitiri mwili na kichwa, la aina iliyobuniwa na Aheda Zanetti wa Australia mwaka 2004. Mwaka 1995 halikuwapo madukani, na huo ndio udhuru pekee ninaojipa. Ziwani, vazi la mpira hufunika kila kitu isipokuwa uso, mikono na nyayo, lakini linabana, sitawaficheni hilo. Kwa hiyo nilikwenda hadi ukingoni nikiwa nimejitanda joho la taulo, na babu yao akalipokea. Picha ile ilipigwa katika zile hatua kumi za kutoka majini kabla sijamfikia. Ndani nilikuwa na suruali na blauzi ya mikono mirefu ya kitambaa kinachokauka upesi, na kwa baiskeli nikaongeza kanzu fupi isiyoweza kunaswa na mnyororo na mtandio wa kushonwa, usio na ncha za kupepea. Niliwaandikia waandaaji miezi miwili kabla, wakanijibu kwamba hakuna tatizo. Kanuni zinakataza hata mtu kuwa uchi katika uwanja wa kubadilishia, jambo lililonifurahisha. Watakaoona kwamba sitara hiyo haitoshi nawaheshimu, na masharti yake nawaachia masheikh wetu. Mimi nakumbusha tu iliyopokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), mara akashindwa na mara akashinda.

Asubuhi ya siku yenyewe ubao uliandikwa kwamba maji yana nyuzi 17. Bahari ya Unguja hata mwezi wa Julai, ambao ni kipupwe kwetu, huwa na nyuzi 25 hivi. Tukaingia kwa makundi kufuata rangi za kofia, saa mbili na dakika arobaini, na honi ikalia. Nilikwishaonywa juu ya ubaridi ule, lakini kuonywa si kuonja. Kifua kilifunga kama mlango. Nikavuta pumzi pasipokuwa na pumzi. Hatujafika hata mita mia mbili, mguu wa mtu ukanipiga usoni, miwani ikajaa maji, nikapoteza upande wa kwenda. Nilijiambia kwa Kiswahili, kwa sauti, "Ninakufa katika ziwa la watu."

Ndipo yakanijia maneno ya mkufunzi wangu, ambayo ndiyo wanayoyafundisha pia waokoaji wa pwani za nchi hii: usipigane na maji, lala chali, masikio yaingie majini, subiri pumzi irudi. Nikalala chali. Niliona mbingu ya kijivu, na nikasoma nilichoweza kusoma. Mtumbwi mdogo wa waokoaji ukaja kando yangu. Kanuni inaruhusu kuushika, maadamu hausogei mbele nawe. Niliushika kwa muda ambao sikuupima. Kijana aliyekuwa ndani yake akaniuliza kama nataka kutolewa. Nikamwambia bado.

Kisha nikaogelea kutoka boya hadi boya, polepole, na sehemu nyingine kama chura. Dakika 51.

Yaliyobaki hayana mengi. Ukamba wa kofia ngumu hauna budi kufungwa kabla hujaigusa baiskeli, wala huruhusiwi kuipanda kabla ya kuvuka mstari. Nikamkumbuka Jonathan Brownlee, nikaikokota hadi hatua tatu mbele ya mstari, kwa usalama. Tunatakiwa pia tusimfuate mtu kwa karibu ili kujikinga na upepo, amri ambayo haikunisumbua kwani hakuwapo mtu wa kumfuata. Saa 2 na dakika 5. Unaposhuka baiskeli, miguu huwa kama ya kuazima. Kilomita mbili za mwanzo sikuwa na hakika kama ninakwenda au ninatetemeka. Kukimbia, na tukubaliane kuita hivyo, kulichukua saa 1 na dakika 32. Pamoja na dakika 15 za kubadilisha nguo, jumla ni saa 4 na dakika 43. Nilikuwa wa pili kutoka mwisho, na wa mwisho alikuwa bwana mmoja aliyepata pancha mbili. Tukaswali adhuhuri nyasini, babu yao akiwa imamu, mimi nikiwa nimekaa.

Binti yangu alikuwapo. Nilikuwa sikumtarajia. Aliniletea chai ya tangawizi kwenye chupa, akakaa karibu nami, akawa hasemi. Baadaye akasema, "Mama, nilidhani unazama."

"Nami nilidhani hivyo hivyo."

"Ukafanya nini?"

"Nililala chali."

Akanyamaza tena. Mjukuu ndiye aliyezungumza njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mtaala wa shule hapa England unataka mtoto anapomaliza shule ya msingi, akiwa na miaka 11, awe anaweza kuogelea angalau mita 25 na kujiokoa majini. Tukiandika barua ya udhuru, jukumu hilo linahamia kwetu, nami nimeeleza nilivyolifanyia. Kule Nungwi, mbele ya bahari ile ile, mradi uitwao Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuwasitiri. Picha zao zilizopigwa na Anna Boyiazis zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Nimezikata na kuzibandika jikoni.

Barua ya binti yangu haijapelekwa shuleni, wala haijachanwa. Iko juu ya friji lake, chini ya sumaku. Jumapili iliyopita alinipigia simu kuuliza kipindi cha wanawake huanza saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na moja jioni, na kwamba achukue sarafu ya pauni moja kwa ajili ya kabati la nguo. Hakusema ni kwa ajili ya nani, nami sikumuuliza.

Wabillahi tawfiq.