Pikapu ya umeme ilale kwako usiku mmoja

GURUDUMU LA BONDE
Na Chepkoech Njuguna

Mzee mmoja, mkulima wa viazi kutoka Elburgon, alifika katika yadi ya magari mjini Nakuru wiki iliyopita akiandamana na fundi wake. Fundi huyo amemtengenezea magari kwa zaidi ya miaka 20 na ana desturi zake. Akilifikia gari hasalimiani na broka kabla hajafungua boneti. Huchomoa kijiti cha oili, akaisugua oili kati ya vidole viwili na kuinusa. Huwasha injini, akafungua kifuniko cha oili aone kama moshi unapumulia hapo. Kisha huzunguka nyuma, akakinga kiganja kwenye bomba la moshi na kukitazama. Baada ya dakika kumi huwa ameshajua kama gari hilo litafika Krismasi au la.

Siku hiyo alifungua boneti ya pikapu ya umeme akakuta sanduku lililofunikwa kwa plastiki, nyaya nene za rangi ya chungwa na kichupa cha maji ya kupozea. Kijiti hakikuwapo. Nyuma hakukuwa na bomba.

“Kijana wangu, waonaje?” mzee akauliza.

“Mzee, hii hainiambii kitu.”

Lilikuwa jibu la mtu mwaminifu, na ni afadhali kuliko maneno yanayovuma siku hizi katika yadi nyingi, kwamba gari la umeme halina injini na kwa hivyo haliharibiki. Neno hilo lina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba hakuna oili ya kubadilisha, hakuna klachi ya kuungua, hakuna pampu ya dizeli ya kuzibwa na mafuta machafu. Mota yenyewe ina vipande vichache vinavyozunguka na inaweza kudumu miaka mingi. Lakini thamani kubwa ya pikapu hiyo imelala chini ya sakafu, ndani ya sanduku la betri ambalo macho hayapenyi na pua hainusi. Mtu akikosea hapo, amekosea gari zima.

Wakazi wa Bonde la Ufa wamezoea kuamini magari waliyoyaona yakiteseka. Peugeot 504 ilipata jina lake hapa kwa sababu ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1975 na tena 1978, watu wakiwa kando ya barabara wakishuhudia. Datsun vivyo hivyo. Wakulima wa Molo na Kinangop walinunua kile kilichotoka kwenye matope kikiwa bado kinanguruma. Hata leo, tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, maelfu hufika Naivasha, Kedong na Soysambu kutazama ni chuma gani kinachokatika katika lile vumbi laini kama unga. Pikapu ya umeme haina shahidi wa aina hiyo bado. Ushahidi itabidi utafutwe ndani ya gari lenyewe, moja moja.

Jambo la kwanza ni kuacha kuitegemea mita ya kilomita. Inajulikana wazi kwamba mita hurudishwa nyuma, lakini hata ikisema kweli, kwa gari la umeme husema kidogo. Betri huchoka kwa umri, kwa joto, kwa kukaa muda mrefu ikiwa imejaa kabisa au imekauka kabisa, na kwa kuchajiwa kwa kasi kila siku. Kampuni ya Geotab ya Canada ilichunguza takriban magari 10,000 ya umeme na mwaka 2024 ikaeleza kwamba betri zilikuwa zikipoteza wastani wa asilimia 1.8 ya uwezo wake kwa mwaka. Huo ni wastani tu. Nissan Leaf za kwanza, ambazo betri zake hazikuwa na mfumo wa kupozwa kwa maji, zilianza kulalamikiwa huko Arizona, Marekani, mwaka 2012, zikiwa bado mpya, kwa sababu ya joto la jangwa.

Hapa Nakuru ina bahati yake. Jiji liko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku ambayo wageni huilalamikia ni neema kwa betri. Pikapu iliyofanya kazi miaka mitano Njoro haiwezi kuwa sawa na iliyoshinda juani Marigat au Mombasa, hata kama mita zao zinafanana. Swali la gari limeishi wapi lina uzito kuliko limekwenda kilomita ngapi.

Magari mengi ya mitumba yanayoingia Kenya hutoka Japan, na sheria inajulikana: usukani kulia, na umri usizidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa hivyo pikapu za Kimarekani kama Ford F-150 Lightning, zenye usukani kushoto, hazina njia ya kufika barabara zetu kwa mlango wa kawaida. Kanuni ya miaka minane iliwekwa enzi za petroli na dizeli. Sasa tazama jinsi inavyokutana na betri. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya betri ya miaka minane au kilomita 160,000. Maana yake ni kwamba gari linaweza kuteremshwa bandarini Mombasa kihalali kabisa, likiwa na umri unaokubalika, wiki chache kabla ya dhamana ya kiungo chake cha bei kubwa kuliko vyote kukatika. Tena dhamana hiyo mara nyingi huandikwa kwa ajili ya nchi gari lilikouzwa likiwa jipya. Mnunuzi wa Gilgil hana wa kumdai.

Basi afanyeje?

Kifaa cha kupima kipo tayari ukutani mwa nyumba nyingi za Nakuru: mita ya tokeni ya Kenya Power. Yuniti moja ya tokeni ni kilowati-saa moja, na betri ya gari hupimwa kwa kilowati-saa hizo hizo. Tuseme karatasi za pikapu zinadai betri ya kilowati-saa 60 zinazoweza kutumika. Gari liendeshwe mpaka deshibodi ioneshe asilimia 20. Liletwe nyumbani jioni, friji na pasi zizimwe, namba iliyo kwenye mita iandikwe, kisha gari lichajiwe hadi asilimia 80. Hiyo ni asilimia 60 ya betri, yaani kilowati-saa 36. Kwa kuwa umeme kidogo hupotea njiani kama joto, asilimia 10 hadi 15 hivi, mita inapaswa kuwa imekula yuniti 41 au karibu na hapo. Kama imekula 31 tu, hesabu inaonyesha kwamba uwezo uliobaki ni kama kilowati-saa 45. Robo ya betri imeshakwenda, na bei inapaswa kuteremka nayo.

Kwa soketi ya kawaida ya ukutani kazi hiyo ni ndefu. Soketi hutoa takriban kilowati mbili na kidogo bila kupata joto la hatari, kwa hivyo gari lililochomekwa saa kumi na mbili jioni litafika asilimia 80 karibu saa sita mchana wa kesho yake. Gari lenye betri iliyochoka litafika hapo saa moja na nusu asubuhi, na muuzaji atalisifu kwamba linachaji haraka. Kushiba mapema si sifa. Mtoto anayeacha chakula nusu sahani huulizwa anaumwa nini.

Wapo watakaopendelea simu. Kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani huweza kutuma kwenye programu ya simu kiwango cha afya ya betri na volti ya kila seli. Kwa Leaf programu ya LeafSpy imekuwa ikifanya hivyo kwa miaka mingi. Seli zote zikiwa karibu sawa, vema. Moja ikibaki nyuma ya wenzake, hiyo ndiyo itakayolizima gari mlimani, maana betri nzima husimama pale seli dhaifu inaposimama. Lakini programu husoma kile kompyuta ya gari inachosema, na kompyuta inaweza kusahaulishwa. Mistari 12 ya afya kwenye deshibodi ya Leaf imewahi kurejeshwa kwa hila ili betri iliyochoka ionekane mpya, kisha ikaanza kutoweka tena baada ya wiki kadhaa. Mita ya Kenya Power haimjui muuzaji.

Baada ya mita, mlima. Pikapu si gari la kwenda kanisani. Ni punda wa shamba, na lazima ijaribiwe ikiwa imebeba. Njia ya kutoka Nakuru kupitia Njoro na Elburgon hadi Molo inafaa sana. Ni kama kilomita 50 na inapanda karibu mita 650. Kuinua tani moja mita 100 hula takriban kilowati-saa 0.27, kwa hivyo pikapu yenye uzito wa tani tatu pamoja na mzigo itatumia zaidi ya kilowati-saa tano kwa mwinuko peke yake, kabla ya upepo na msuguano wa barabara. Muuzaji anayetaja umbali unaopimwa kwenye tambarare bila mzigo anamwambia mkulima habari za nchi nyingine. Isuzu D-Max ya umeme iliyooneshwa Bangkok mwaka 2024 ina betri ya kilowati-saa 66.9, na kipimo cha Ulaya kinaipa kilomita 263. Ijazwe magunia ya kilo 50 hadi kipimo chake, ipande Timboroa, halafu tuzungumze upya. Mitsubishi nayo iliuza Japan kijilori cha Minicab MiEV kuanzia 2013, betri kilowati-saa 10.5, mzigo kilo 350. Magunia saba tu! Kwa muuza mboga wa soko la Wakulima yanatosha. Kwa mkulima wa Elburgon ni dhihaka.

Kuteremka nako kuna somo. Gari likishuka, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme betrini, na gari huzuiwa bila breki kuguswa sana. Kwa watu wanaoijua Salgaa na malori yaliyoshindwa breki pale, hilo ni jambo kubwa mno. Ila betri iliyojaa pomoni haina pa kuuweka umeme huo, kwa hivyo pikapu iliyochajiwa hadi mwisho Molo usiku na kuteremka alfajiri hutegemea breki za kawaida kwa kilomita za mwanzo. Breki zisizotumika sana hushika kutu. Fundi aondoe gurudumu azitazame.

Halafu alale chini ya gari na tochi. Sanduku la betri likiwa na bonyeo au mkwaruzo mzito wa jiwe, au nyaya za rangi ya chungwa zikiwa zimefungwa kwa utepe wa umeme, biashara iishie hapo, na asizishike nyaya hizo bila mafunzo; hubeba mamia ya volti na huua. Mkanda wa kiti uvutwe mpaka mwisho kabisa. Huko ndani, mahali ambapo waosha magari hawafiki, mstari wa tope hubaki. Tangu maji yalipofurika Mai Mahiu tarehe 29 Aprili 2024, na tangu Ziwa Naivasha lilipoanza kuingia nyumba za Kihoto, hakuna anayeweza kusema kwamba gari lililozama maji ni jambo la mbali.

Lipo swali moja ambalo kipimo hakilijibu: gari likigoma, nani atalifungua? Mobius ilikuwa gari la Kenya, lililobuniwa kwa barabara za Kenya, na mnamo Agosti 2024 kampuni ikatangaza kufunga kabla ya kupata mnunuzi. Wenye magari hayo walikaa na wasiwasi ingawa injini zao zilikuwa za petroli, ambazo fundi yeyote anazielewa. Opibus ilianza mwaka 2017 kwa kuyageuza magari ya safari kuwa ya umeme, na kambi ya Emboo huko Maasai Mara iliyatumia kwa watalii. Mwaka 2022 ikabadili jina kuwa Roam, na nguvu zake zikaelekea kwenye pikipiki na mabasi. Land Cruiser ya namna hiyo ikija sokoni, mnunuzi anapaswa kuona rekodi ya mamlaka ya usafiri, NTSA, inasema ni gari la umeme, na kupata kwa maandishi nani ana programu ya kuifungua kompyuta yake.

Haya yote ni mzigo mzito kumtwika mkulima. Shirika la viwango KEBS tayari hutaka kila gari la mtumba likaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima mwaka 2011, magari ya Japan yalianza kupimwa hata mionzi. Kupima betri ni rahisi kuliko hilo. Umoja wa Ulaya umeamua kwamba kuanzia Februari 2027 kila betri mpya ya gari la umeme iwe na pasipoti yake ya kidijitali, na Umoja wa Mataifa ulikubaliana mwaka 2022 kwamba betri ya gari la abiria isipoteze zaidi ya asilimia 30 ndani ya miaka minane. Mwaka 2023 Kenya iliweka bei ya umeme wa magari kuwa Sh16 kwa yuniti, na Sh8 usiku, ili watu wayanunue. Olkaria na Menengai zinafuka mvuke mlangoni petu. Serikali inayomwita mkulima aingie kwenye umeme ina deni kwake la karatasi moja: cheti cha afya ya betri, kilichopimwa na mtu asiye na faida katika mauzo, kibandikwe kando ya cheti cha ukaguzi.

Mzee wa Elburgon hakusubiri cheti. Alimwomba mwenye yadi amwachie pikapu usiku mmoja na asubuhi yake, ikalale Free Area kwa binti yake mwenye mita ya tokeni, naye angelipia umeme na kuacha gari lake kama amana. Mwenye yadi alisema atashauriana na mwenzake, kisha atapiga simu. Kufikia jana jioni, safu hii ikiandaliwa, simu ilikuwa haijapigwa, na mzee alikuwa amekwenda Lanet kutazama nyingine.