Ngozi ya Kochi Imebambuka, Mbao Ingali Nzima

Ijumaa moja baada ya swala tulimkaribisha nyumbani mzee mmoja wa mtaani kwetu. Tulikunywa chai, tukazungumza, kisha akaaga. Alipoinuka tukaona nyuma ya kanzu yake nyeupe imejaa magamba meusi. Ilikuwa ni ngozi ya kochi letu. Mzee hakusema neno. Alijipangusa, akatabasamu, akaenda zake. Sisi ndio tulioingiwa na haya, na kwa miezi kadhaa hatukumkaribisha mtu sebuleni.

Tunalisimulia jambo hili kwa kuwa tunajua si letu peke yetu. Aibu ya kiti kibovu huufunga mlango wa nyumba kimyakimya, na ukishafungwa huo, hufunguka mwingine ulio mbaya zaidi, nao ni mlango wa mkopo. Tulikwenda dukani tukaulizia seti mpya, bei ikatushinda. Haikupita wiki tukajikuta tunaizungumzia ile mikopo ambayo watu wa mitaani wameipa jina la "kausha damu". Hukumu ya riba tuliijua vyema, lakini haya ya sebuleni ilikuwa imeanza kututafutia udhuru.

Aliyetuzuia ni binti yetu, wala hakukusudia. Anayo hedifoni anayoitumia kusikilizia masomo, na mito yake ya masikioni ilikuwa imebambuka vilevile, ikimwachia magamba kwenye mtandio. Usiku mmoja alichukua fulana kuukuu, mkasi na lastiki, na kabla ya kulala hedifoni ikawa imevikwa upya. Tulipoitazama ile kazi tukabaini kuwa ugonjwa wa hedifoni na ugonjwa wa kochi ni mmoja.

Kinachoitwa ngozi bandia mara nyingi ni kitambaa kilichopakwa tabaka jembamba la plastiki ya poliurethani. Adui wa tabaka hilo ni unyevu. Hewa yenye unyevunyevu hulivunja taratibu, na joto, jasho na mafuta ya nywele huongeza kasi. Ndiyo maana kwa sisi wa mwambao kochi huweza kubambuka hata mahali pasipokaliwa na mtu. Likishaanza halitibiki kwa rangi ya viatu wala kwa gundi, kwa sababu tabaka lote limekwisha nguvu. Dawa yake ni kulivua na kulivika upya.

Tuanze na kazi ndogo, kwa kuwa ndiyo mwalimu wa kubwa. Mito ya hedifoni nyingi hushikiliwa na ukingo uliochomekwa kwenye mfereji mwembamba. Huvutwa polepole kwa vidole, kidogo kidogo kuzunguka, wala haing'olewi kwa bisibisi. Yapanguse magamba yote kwa kitambaa kikavu. Kata duara la fulana nyembamba ya pamba, lizidi mto kwa takriban sentimita 3 pande zote, pitisha lastiki ukingoni, livike na ulikaze kwa nyuma. Katikati si lazima kutoboa, kwani fulana nyembamba hupitisha sauti. Ikiwa sponji ya ndani imelala na hairudi, weka nyingine yenye unene uleule wa awali.

Unene huo si jambo la urembo. Mto uliochoka hauzibi vizuri kulizunguka sikio. Mlio mzito huvuja nje, kelele za nyumbani huingia, na mtoto huongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri usikilizaji usizidi wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa mtoto. Kwa hiyo sponji ya bei ndogo huweza kulihifadhi sikio la mwanao.

Sasa kochi. Kabla ya kununua chochote, ligeuze juu chini, chana kitambaa cha chini na uchunguze mbao. Makochi mengi ya zamani yaliundwa kwa mbao ngumu kama mninga, na mbao hizo huishi kuliko ngozi tatu au nne. Litikise, likiyumba, kaza misumari au viungo kwanza. Ikiwa mbao zimeliwa na mchwa, au kunguni wameshika makazi ndani, usitumie fedha yako kwenye kitambaa.

Ukiridhika na mbao, vua ngozi ya zamani kwa bisibisi bapa na koleo, ukianzia na kipande kilichopigwa mwisho. Usikitupe kipande hata kimoja. Kiandike mahali kilipotoka na upande wake wa juu, kwa kuwa hicho ndicho kipimo cha kukatia kipya. Sisi tulipiga picha za simu kila hatua, na bila picha hizo tungalipotea kwenye mikono ya kochi.

Sponji ya kukalia iwe ngumu, ya inchi 4 au 5; ya kuegemea iwe laini zaidi. Dukani ikandamize kwa ngumi uone kama inarudi upesi, na kati ya mbili za ukubwa mmoja chagua iliyo nzito. Ikate kwa kisu kirefu chenye makali, izidi kidogo kipimo cha foronya yake ili pembe zisilegee. Na usirudie ngozi bandia ya bei rahisi, la sivyo utaonana na magamba yale yale. Kitambaa kizito kilichofumwa hupitisha hewa na hufulika. Kikiwa cha pamba, kifue kabla ya kukikata, kisije kikapungua baadaye.

Wakati wa kupiga stepla, acha inchi 3 za ziada za kuvutia. Anza katikati ya upande wa mbele, kisha katikati ya nyuma, halafu kushoto na kulia. Ndipo usogee kuelekea pembeni, ukivuta kwa nguvu sawa. Anayeanzia pembeni hupata mikunjo isiyoondoka. Gundi ya makochi hupakwa pande zote mbili na kuachwa ikauke kidogo ndipo zigandamizwe. Fanya hivyo uwanjani au milango ikiwa wazi, mbali na jiko na sigara, kwa maana gundi hiyo na sponji yenyewe hushika moto upesi, na moshi wa sponji ni sumu.

Kazi yetu ilichukua Jumamosi mbili, na gharama haikufika robo ya bei ya seti mpya. Mshono mmoja wa nyuma umekwenda upande; tumeuacha. Bibi zetu walikuwa wakifumua magodoro ya sufi, wakaichambua na kuianika juani, kisha wakashona tena kwa shazia, wala hakuna aliyewaona mafukara. Na katika sira tumefundishwa kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake mwenyewe. Sijui ni lini kiraka kiligeuka kuwa aibu na deni likawa heshima.

Ijumaa iliyofuata tulimwalika tena mzee wetu. Alikaa, akakunywa chai, akaaga. Tulimtazama nyuma ya kanzu mpaka alipofika mlangoni. Ilikuwa nyeupe.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.