Bukavu: Ajali ya mfanyakazi wa komine isiishie kwenye "pole sana"

Jumamosi asubuhi, siku ya salongo, watu wanashuka kwenye mitaro ya Bukavu na majembe na beleshi. Kando ya wakaaji wa kawaida wamo wafanyakazi wa mji na wa komine, ambao kwao kazi hiyo si ya Jumamosi tu. Anayeingia mtaroni na kandambili, mikono mitupu, anavuta chupa za plastiki, mabati yenye kutu, vioo vilivyovunjika, na mara nyingine sindano. Akikatwa mguu, wenzake wanamfunga kitambaa, mkubwa wake anamwambia "pole sana", anarudi nyumbani. Jumatatu mwingine anashika beleshi lake.

Habari inaishia hapo. Haikupaswa kuishia hapo.

Ni mkaaji gani wa Ibanda, Kadutu au Bagira aliyewahi kuona kwenye ubao wa ofisi ya komine karatasi inayoeleza kwamba mfanyakazi fulani aliumia, sababu zilikuwa hizi, na kitu hiki kimebadilishwa ili mwingine asiumie? Matangazo ya kodi yanabandikwa. Ya kuitisha salongo yanabandikwa. La ajali halionekani, kana kwamba ajali ni mvua, inakuja tu na kupita.

Kuchunguza ajali si jambo la wataalamu wa Ulaya peke yao. Ni kuuliza "kwa nini" bila kuchoka. Mtu amekatwa mguu mtaroni: kwa nini? Hakuwa na bote. Kwa nini hakuwa nazo? Hazikununuliwa. Kwa nini? Katika bajeti ya komine hakuna mstari wa vifaa vya kujikinga. Na kioo kilifikaje mtaroni? Kando ya soko hakuna mahali pa kutupa takataka, kwa hiyo kila kitu kinasukumwa kwenye maji. Maswali machache tu, na tayari jambo limetoka kwenye mguu wa mtu mmoja, limefika mezani kwa anayeandika bajeti na kwa anayesimamia soko. Asiyeuliza atamalizia kwa kusema kijana yule hakuwa mwangalifu. Jibu hilo ni la bei rahisi, na halimkingi anayeshika beleshi Jumatatu.

Mji huu una mfano mkubwa kuliko mtaro. Takataka zinazotoka kwenye milima ya Bukavu zinateremka na maji hadi Ziwa Kivu, kisha mto Ruzizi unazivuta hadi bwawa la Ruzizi I, ambalo linatoa umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 2023 wakuu wa kituo hicho walieleza kwamba mashine moja iliharibika kwa sababu ya takataka, na mtandao ukapoteza megawati 6.3 katika kituo chenye uwezo wa megawati karibu 30. Kuna wapiga mbizi wanaolazimika kuzama kwenye maji yale kuondoa plastiki iliyofika chini kabisa. Ndiyo, wale ni watu wa SNEL, si wa komine. Lakini plastiki inayowafuata chini ya maji ilipita kwanza kwenye mtaro ambao mji ndio wenye kuusimamia. Mtu wa Kadutu aliyekatwa na kioo, mpiga mbizi wa Ruzizi, na mama wa Panzi anayelala gizani wamo katika dosie moja. Hakuna anayeifungua kwa sababu kila ofisi inatazama kipande chake.

Jirani zetu wa Uganda walilipa bei kubwa zaidi. Tarehe 10 Agosti 2024, mlima wa takataka wa Kiteezi, karibu na Kampala, ulianguka baada ya mvua kubwa na kufunika nyumba pamoja na watu waliokuwemo. Watu zaidi ya 30 walikufa. Jalala lile lilikuwa la mamlaka ya mji, KCCA, na lilikuwa likipokea takataka tangu 1996. Mamlaka yenyewe ilijua kwamba limejaa, hata ilikuwa imenunua kiwanja kingine upande wa Mukono. Rais Museveni aliagiza uchunguzi, na mwezi Septemba akawafukuza mkurugenzi mkuu wa mji, naibu wake na mkurugenzi wa afya. Baadaye walipelekwa mahakamani.

Wengi Bukavu waliposikia hayo walisema: afadhali Kampala, huko wakubwa wanawajibishwa. Ni kweli, na hilo si dogo. Hata hivyo, kufukuza watu 3 hakusogezi takataka hata mita moja. Swali gumu ni lile la miaka iliyotangulia: kila aliyeona mlima ule unapasuka au unateleza kidogo, alikuwa na mahali pa kuandika? Na kama aliandika, nani alilazimika kujibu? Mwaka 2017 jalala la Koshe, mjini Addis Ababa, lilikuwa limeanguka na kuua watu zaidi ya 100. Onyo lilikuwepo miaka 7 kabla, katika ukanda huuhuu.

Watu wa ndege walielewa jambo hili zamani. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinasema wazi kwamba lengo la uchunguzi wa ajali ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Hakimu ana kazi yake, mchunguzi ana yake. Sababu ni rahisi: mtu anayeogopa kufukuzwa hatasema ukweli. Na katika ofisi za Leta kwetu, nani asiyeogopa? Wapo wafanyakazi wa miaka mingi wasio na namba ya matrikili, wale wanaoitwa "nouvelles unités", wanaofanya kazi wakingoja siku Kinshasa itakapowatambua. Mtu wa namna hiyo akiumia, ananyamaza. Akisema, anaweza kuambiwa kwamba yeye si mfanyakazi hata kidogo.

Sheria nayo haimsaidii vya kutosha. Sheria ya kazi ya Oktoba 2002 inadai kuwe na kamati ya usalama na usafi mahali pa kazi, na mwajiri amjulishe mkaguzi wa kazi kila ajali inapotokea. Ila sheria hiyohiyo inawaweka kando watumishi wa Leta wenye hadhi ya kudumu. Hao wana sheria yao ya 2016, na kwa malipo ya uzeeni na ya ajali wanategemea CNSSAP, wakati wafanyakazi wa makampuni wanategemea CNSS. Asiye na matrikili wala mkataba anaanguka katikati. Na ndiye huyohuyo anayetumwa mtaroni, kwenye takataka za soko, au kupanda juu ya bati bovu la ofisi ya komine kuzuba tundu. Wazimamoto nao wana lao: katika vichochoro vya Nyamugo, ambako gari halipiti, wanaingia kwa miguu kati ya nyumba za mbao zinazowaka.

Jibu la kawaida linajulikana: pesa hakuna. Tena tangu Februari 2025 mji uko mikononi mwa AFC/M23, benki zilifungwa, na Kinshasa, yenye makao makuu ya mifuko yote miwili, imekuwa mbali kuliko zamani. Hayo yote ni kweli. Lakini daftari la ajali halingoji benki. Mtu mmoja katika kila komine anaweza kuandika siku, mahali, kazi iliyokuwa ikifanywa, aliyeumia ameumia wapi, alikuwa na kifaa gani, na nini nusura kitokee hata kama hakuna damu. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Ukuta ulioinama bila kumwangukia mtu umesema tayari. Na kwa kuwa wakubwa wanabadilika lakini mtaro wa Kahwa ni uleule, daftari likae mahali ambapo anayekuja atalikuta, nakala moja kwa mkaguzi wa kazi wa jimbo, nyingine kwa chama cha wafanyakazi.

Wanaosema vifaa ni ghali wahesabu pia upande wa pili. Mguu ulioingia uchafu unaweza kumaliza mwezi mzima hospitalini. Familia inauza mali, watoto wanakosa minerval, komine inatafuta mtu mwingine na kumfundisha upya, na mtaro uliobaki umeziba unaleta maji kwenye maduka. Gharama hizo zote zinalipwa tayari. Hazionekani kwenye bajeti kwa sababu wanaozilipa ni mgonjwa, mke wake na wenye maduka.

Wakuu wa komine 3 wanaweza kuanza bila kungoja amri ya mtu: mkutano wa kila mwezi na wafanyakazi wa usafi, daftari mezani, na swali moja kuhusu kila ajali iliyoandikwa, kwamba tangu siku ile kimebadilishwa nini. Majibu yabandikwe ubaoni, karibu na matangazo ya kodi.

Mvua kubwa zinarudi Septemba. Kabla ya hapo mitaro ya Kadutu itabidi ifunguliwe, na watu walewale watashuka ndani.