Kuku Hatibiwi kwa Vidonge vya Watu

Ndugu msomaji, utashangaa kuona mtu wa zahanati anaandika habari za kuku. Utasema hiyo ni kazi ya bwana mifugo. Ni kweli. Lakini kila kiangazi, kuku wanapoanza kufa hapa Bujora, watu huja zahanati. Hawaji kwa sababu wanaumwa. Huja kuomba vidonge vya kuwapa kuku. Wengine hawaombi. Husema mtoto anakohoa, hupewa dawa ya mtoto, na dawa ile huishia kwenye kopo la maji ya kuku.

Mimi nasema tabia hii iachwe. Lakini mtu mzima hakatazwi tu, huelezwa sababu. Kwa hiyo naomba unisome mpaka mwisho, hata kama utasoma leo nusu na kesho nusu.

Sisemi kwamba kuku ni kitu kidogo. Kuku ni akiba ya mama. Ng'ombe ni wa baba, na hauzwi bila baraza. Lakini mama akitaka madaftari ya shule, au nauli ya kumpeleka mtoto hospitali Mwanza, humkamata jogoo na kwenda naye Kisesa sokoni. Jioni fedha ipo. Tena kuna yai. Sisi tunaopima watoto kliniki tunajua maana ya yai. Kaya ikipoteza kuku wote, mtoto hubaki na ugali, michembe na mboga za majani. Dagaa wapo ziwani, lakini si kila siku fedha ya dagaa ipo. Kwa hiyo kuku wakifa, habari hiyo hufika kliniki pia, kwenye kadi ya mtoto.

Sasa tuulize, kuku wanakufa kwa nini?

Ugonjwa unaojulikana sana ni mdondo. Wengine huuita kideri. Wataalamu huuita Newcastle, kwa sababu mwaka 1926 ulionekana karibu na mji huo huko Uingereza. Kuku mwenye mdondo huhema kwa shida. Huhara kinyesi cha kijani. Mabawa hulegea, shingo hupinda, naye huzunguka kama aliyelewa. Mdondo mkali ukiingia kwenye boma lenye kuku ambao hawakuchanjwa, unaweza kuua karibu wote kwa siku chache.

Mdondo huletwa na virusi. Virusi ni vidogo sana kuliko bakteria. Hata hadubini yetu ya zahanati haivioni. Hapa ndipo penye jambo kubwa. Vidonge vya rangi mbili, na tetrasaiklini, na amoksilini, vyote hivyo huua bakteria. Haviui virusi. Ukimpa kuku kidonge kimoja haviui. Ukimpa kopo zima haviui.

Najua kuna jirani yako atakayesema: "Mbona mimi niliwapa kuku wangu vidonge, na wengine wakapona?" Jirani huyo hasemi uongo. Kuku wachache hupona mdondo wenyewe, bila dawa yoyote. Tena virusi vikimdhoofisha kuku, bakteria nao huingia kifuani na tumboni, na vidonge vinaweza kupunguza hao. Kwa hiyo jirani ameona jambo la kweli, lakini amelipa sababu isiyo yake. Wale kumi waliokufa amekwisha wafukia. Wawili waliobaki ndio anaokuonyesha.

Nimesema bakteria huingia baada ya virusi. Hili ndilo ninalotaka tulielewe vizuri. Kuku wa kijijini mara nyingi hauawi na ugonjwa mmoja peke yake. Magonjwa huja mawili au matatu kwa pamoja. Ugonjwa wa kwanza huvunja mlango, wa pili huingia na kuua.

Uko ugonjwa mmoja ambao kazi yake hasa ni kuvunja mlango. Jina lake ni Gumboro. Nao umepewa jina la mahali, yaani Gumboro katika jimbo la Delaware, Marekani. Mtaalamu mmoja aliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1962. Leo uko duniani kote, na Tanzania upo.

Kuku ana kifuko kidogo ndani ya mwili, juu ya tundu la haja. Ukimpasua kifaranga unaweza kukiona, ni kama tunda dogo la mviringo. Ndani ya kifuko hicho askari wa mwili hufundishwa kazi. Askari hao ndio wanaotengeneza kinga ya kupigana na magonjwa. Binadamu hana kifuko hiki. Askari wetu wa namna hiyo hutoka ndani ya mifupa. Lakini habari ya askari hao tulijifunza kwa kuku. Mwaka 1956 watafiti wa Marekani waliandika kwamba kuku aliyetolewa kifuko hicho akiwa mdogo hawezi kutengeneza kinga vizuri. Kwa hiyo hata sisi tunaotibu watu tuna deni kwa kuku.

Virusi vya Gumboro hushambulia kifuko hicho. Huua askari wakiwa bado wanafunzi. Vifaranga wa wiki 3 hadi 6 ndio huugua sana. Hujikunyata, manyoya husimama, huhara kinyesi cheupe cha majimaji, na wengine hudonoa tundu la haja. Wengi hufa ndani ya siku chache, kisha vifo hupungua. Mwenye kuku husema, "Ahsante Mungu, ugonjwa umepita."

Haukupita. Wale waliopona wamebaki na kinga dhaifu. Na kuna jambo baya zaidi. Kifaranga akiupata kabla ya wiki 3, huenda asionyeshe dalili yoyote. Anakula, anakimbia na mama yake. Lakini kifuko chake kimekwisha haribika, na kinga yake itakuwa dhaifu maisha yake yote. Kuku huyo hata akichanjwa mdondo, chanjo haimshiki sawasawa, kwa sababu chanjo huhitaji askari wa kuifundisha, nao hawapo.

Ndiyo maana utasikia mtu analalamika: "Chanjo ni bure. Nilichanja, na bado wamekufa." Watu wengi hapa wameacha kuchanja kwa sababu hiyo. Mimi naona wanaacha kitu chema kwa kosa la kitu kingine. Mara nyingine chanjo imechomwa na jua njiani. Mara nyingine kuku walikuwa wamekwisha ambukizwa mdondo siku ile ya kuchanjwa, na chanjo si dawa ya aliye mgonjwa. Mara nyingine ni Gumboro iliyotangulia. Gumboro si ugonjwa pekee wa namna hii. Marek, ule unaopooza kuku mguu mmoja ukaenda mbele na mwingine nyuma, nao hudhoofisha kinga.

Sisi wa hapa tusione habari hii kuwa ngeni. Tunajua maana ya kinga kudhoofika. Tangu mwaka 1994 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu walianza kufuatilia habari za UKIMWI hapa hapa kwetu Kisesa. Wazee wanakumbuka miaka ile kabla ya dawa. Mtu alisemekana amekufa kwa kifua kikuu, au kwa kuhara. Ni kweli aliugua hayo. Lakini virusi vya UKIMWI ndivyo vilivyotangulia kuvunja mlango. Gumboro siyo UKIMWI, nawe huwezi kuambukizwa Gumboro na kuku. Nimelinganisha tu namna ya kufanya kazi.

Naogopa mlinganisho huu usieleweke vibaya, kwa hiyo nasema mapema. Kuna watu wamewaza hivi: kama ARV humrudishia mtu kinga, basi zitamrudishia na kuku. Jambo hili si hadithi. Kwa majirani zetu Uganda, mwaka 2023 ilitangazwa kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wamekuta mabaki ya ARV katika nyama ya kuku na ya nguruwe. Mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilikiri mbele ya wabunge kwamba ilikuwa na habari hiyo tangu mwaka 2014. Wafugaji walikuwa wakiwapa kuku ARV ili kutibu mdondo. Uganda si mbali. Ziwa letu ni moja, na mawazo husafiri kuliko samaki.

ARV zimetengenezwa kuzuia virusi vya UKIMWI, kwa kushika mahali maalumu katika virusi hivyo. Hakuna ushahidi kwamba zinatibu mdondo wala Gumboro. Hazishoni kifuko cha kuku kilichoharibika. Lakini mgonjwa aliyetoa vidonge vyake vya wiki moja kwa ajili ya kuku, virusi vyake mwenyewe huamka. Tena huamka vikiwa vimeizoea dawa, na ile dawa inaweza isifanye kazi tena. Serikali ilianza kutoa ARV bure mwaka 2004, na watu waliokuwa wakibebwa kwa baiskeli sasa wanalima pamba. Kumpa kuku dawa hiyo ni kumnyang'anya mtu uhai na kuutupa kwenye kopo. Nimesema kwa ukali, nami sitapunguza.

Vidonge vya bakteria navyo vina hatari yake. Mabaki ya dawa hubaki ndani ya nyama na ndani ya yai. Wewe unamlisha mtoto yai ukidhani ni chakula, kumbe ni chakula na dawa kidogo. Bakteria wa kuku nao huzoea dawa ile, kisha huhamia kwa watu. Siku mtoto ataugua kweli, nasi tutampa dawa ile ile, haitamsaidia. Sisi wa zahanati tutalaumiwa kwamba dawa zetu ni maji.

Basi tufanye nini? Kwa mdondo, chanjo ipo, tena hutengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Inaitwa I-2. Asili yake ni Australia, na ilitengenezwa kwa ajili ya vijiji kama vyetu, ambako friji ni chache. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani. Lakini kuvumilia joto siyo kuvumilia jua, kwa hiyo ibebe kwenye kivuli, ndani ya kitambaa chenye maji. Kila kuku hupewa tone 1 katika jicho, vifaranga kwa wakubwa. Rudia kila baada ya miezi 3. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, kwa hiyo usingoje ugonjwa ufike kwa jirani.

Kwa Gumboro, chanjo hutiwa katika maji ya kunywa ya vifaranga. Kwa kawaida hutolewa siku ya 14 na kurudiwa siku ya 28, lakini bwana mifugo atakueleza kufuatana na chupa aliyonayo. Usitumie maji ya bomba yenye dawa, kwa sababu dawa ile huharibu chanjo. Anayeleta vifaranga wa kisasa kutoka mjini lazima awachanje. Virusi vya Gumboro hukaa ndani ya banda kwa miezi mingi, na husafiri kwa viatu na matenga. Kuku mgeni, hata kama ni zawadi ya shemeji, akae peke yake wiki 2 kabla ya kuchanganyika na wenzake. Aliyekufa afukiwe kwenye shimo refu au achomwe. Hatupwi ziwani wala hapelekwi sokoni. Ukimshika kuku wa mdondo nawa kwa sabuni, maana virusi vile vinaweza kuyafanya macho yako yawe mekundu na kuuma kwa siku kadhaa.

Mimi sikubaliani na kila kaya kuchanja kwa siku yake. Chupa moja ya chanjo ya mdondo hutosha kuku wengi, wa kaya nyingi. Ikishafunguliwa haikai. Mtu mmoja mwenye kuku 8 ataona ni gharama, ataacha. Kaya 15 zikichanga, kila moja hutoa fedha kidogo. Tena kuku wetu hawana mpaka, wa kwangu hushinda kwako. Ukichanja wewe peke yako umefunga mlango na kuacha dirisha.

Siku ya kuchanja iwe mapema Mei. Mwezi Juni ni Bulabo, wageni huja Bujora kutoka kila upande kutazama ngoma za Bagalu na Bagika, na kuku huletwa kwa matenga kutoka kusikojulikana. Baada ya hapo ni kiangazi, ambacho ndicho msimu wa mdondo. Jambo hili liwekwe katika mkutano wa kijiji ujao, pamoja na jina la mtu atakayekusanya michango. Kuku huchanjwa alfajiri, kabla hawajafunguliwa. Kwa hiyo siku hiyo walale wamefungwa, na watoto waamke mapema kuwashika.