Nani Afunguliwe Lango la Barabara Kuu?

Barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, yenye urefu wa kilomita 50 hivi, ilifunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012. Manufaa yake hayakanushiki. Lakini kila lango linalotokea juu ya barabara ya namna hiyo, liwe la kituo cha petroli au la mtaa wa nyumba za kupanga, hulazimisha gari kupunguza mwendo mbele ya jingine linalokimbia. Malango yakizidi, ajali huzidi na msongamano hurudi. Kuyadhibiti ni busara, na sheria yaruhusu: Sheria ya Barabara ya mwaka wa 2007 inakataza kujenga katika hifadhi ya barabara bila kibali cha maandishi.

Swali letu ni jingine: kibali hicho hupewa nani, na kwa kauli ya nani? Njia ya kuingilia ikifungwa Ruiru, mwenye gari huzunguka hadi makutano yafuatayo, akapoteza dakika chache. Muuza mboga hupoteza wateja wa siku nzima. Mama mwenye mtoto mgongoni hutembea hadi kivuko cha juu kilicho mbali, au hukatiza katikati ya magari na kuhatarisha roho mbili. Uamuzi ni mmoja, mzigo haulingani.

Tangu kifungu cha 2A kilipofutwa mwaka wa 1991, kiini cha mageuzi kimekuwa hiki: anayeamua sharti ajieleze. Katiba ya mwaka wa 2010 ilithibitisha hivyo. Kifungu cha 10 kinataka wananchi washirikishwe. Cha 47 kinampa mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa serikali haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Haki hizo hazikomei bungeni. Zafika hadi ukingoni mwa lami.

Twadai basi mambo matatu. Mosi, orodha ya vibali vyote vya malango ibandikwe hadharani Thika na Ruiru, tujue iwapo sheria inayombomolea mchuuzi kibanda ndiyo hiyo hiyo inayompima tajiri. Pili, njia isifungwe kabla wakazi hawajasikizwa na kivuko salama hakijawa tayari. Tatu, afungaye aandike sababu. "Mwenye nguvu mpishe" ni kanuni tuliyoishi chini yake miaka mingi mno. Isirudi kwa mlango wa barabara.