Nani Huitwa Mwenye Ghasia?

Aghalabu Wakristo wanapobishana juu ya siasa, mmoja hufungua Warumi 13, mwingine Ufunuo 13. Katika sura ya kwanza, Mtume Paulo anawataka waumini wazitii mamlaka kwa kuwa zimewekwa na Mungu. Katika ya pili, dola ni mnyama anayewapiga vita watakatifu. Kitabu ni kimoja, na kila upande huondoka umeridhika.

Afrika Kusini iliushuhudia ubishi huu ukigharimu maisha ya watu. Julai 1985, serikali ya P.W. Botha ilitangaza hali ya hatari katika wilaya 36. Septemba mwaka huo, wanatheolojia zaidi ya 150 walitia sahihi Waraka wa Kairos, wakiilaumu serikali kwa kuigeuza Warumi 13 kuwa kibali cha ukandamizaji. Lakini kwetu sisi tunaochungua lugha, sehemu nzito zaidi ni ile inayolihoji neno lenyewe. Katika propaganda ya serikali, walisema, ghasia ni yale yanayotendwa na wanaopigania haki mitaani. Ukatili wa dola haukupewa jina hilo. Makanisa yaliyolaani "ghasia zote" pasipo kupambanua yalikuwa yamekwisha kuazima kamusi ya mtawala.

Kiswahili chetu nacho hakijanusurika. Sikilizeni taarifa za habari: wanafunzi "huzua ghasia", ilhali polisi "hulazimika kutumia nguvu". Kitenzi hicho, kulazimika, hutoa hukumu kabla msikilizaji hajajua ni nani aliyeanza.

Hata hivyo, hoja hii ina hatari yake, na waandishi wa Kairos waliiona: walikiri kuwa si kila tendo la anayeonewa ni halali. Julai hiyo hiyo, huko Duduza, mashariki mwa Johannesburg, Askofu Desmond Tutu, ambaye uadui wake kwa ubaguzi wa rangi haukutiliwa shaka, alijitosa katika umati uliotaka kumteketeza mtu aliyeshukiwa kuwa kibaraka wa polisi, akamwokoa. Ikiwa risasi ni ghasia, moto ule nao ungaliitwaje?

Basi mwalimu wa somo la dini asiwaulize wanafunzi tu iwapo Mkristo anaruhusiwa kupigana. Awaulize kwanza ni nani aliyelitoa jina la ghasia, na kwa tendo lipi. Kisha awarudishe mwisho wa Warumi 12, ambapo Paulo anakataza kisasi na kuagiza adui mwenye njaa alishwe. Mgawanyo wa sura uliwekwa karne nyingi baada ya Paulo. Yeye aliandika barua moja, isiyokatwa hapo.